Wota polo kwa sisi waogeleaji wa traiathloni, kuna aliyejaribu ikamsaidia?

BoyaLaTatu (mleta uzi)
Wakuu habari za mazoezi. Niende moja kwa moja, kwa wageni traiathloni ni resi moja ya kuogelea, baiskeli na kukimbia. Bwawani niko vizuri tu, 1500 naimaliza bila kusimama, kasi haiyumbi, kocha mwenyewe anasema mkono umekaa sawa. Shida yangu ni siku ya resi. Filimbi ikilia tukaingia majini wote kwa mkupuo mie nageuka mtu mwingine kabisa. Mara ya mwisho nimekula teke la miwani dakika ya kwanza tu, miwani ikajaa maji, nikanyanyua kichwa kuvuta pumzi nikavuta na maji humo humo, moyo ukaanza kwenda mbio hata sisikii kingine, nikajikuta nimelikumbatia boya la tatu kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake. Nikakaa pale mpaka kundi lote limeisha kunipita (kanuni zinaruhusu kushika boya kupumzika ilimradi usilitumie kujisogeza mbele, ndo siku niliyojua hilo, na jina langu humu mmeshajua limetoka wapi).

Sasa jamaa mmoja kaniambia niache kuongeza lapu, niende nikacheze wota polo, ule mpira wa majini wa kufunga magoli kwa mkono, msimu huu wa mapumziko. Nilicheka. Ila usiku nikawa nawaza, wale watu si wanapigana vikumbo majini muda wote na hawazami? Kuna aliyewahi kujaribu, au jamaa ananitania tu?

BaiskeliKwanza
Naweka kiti hapa. Mie kuogelea ni kodi ninayolipa ili nifike kwenye baiskeli, chochote kitakachopunguza mateso nakitaka.

MkonoMrefu
Mkuu usijisumbue. Nitasema ukweli hata kama watu watanuna. Traiathloni ya Olimpiki unaogelea mita 1500, Ironman, ile traiathloni ndefu, kilomita 3.8, yote hayo ni kazi ya mwendo mmoja, mwili umelala, kichwa chini, mguu unapigwa kidogo tu maana unahitajika kwenye kilomita 40 za baiskeli na 10 za kukimbia. Wota polo ni kinyume cha hayo yote. Mwili umesimama wima, kichwa juu, unachomoka mita kumi unasimama, unachomoka tena unasimama. Unajifunza kuogelea na kiuno kimezama! Mimi nimewafundisha watu wawili waliotoka huko, ilinichukua muda mrefu kuwashusha kichwa. Ukitaka kuogelea vizuri, ogelea. Hizo saa mbili za kurusha mpira zipeleke kwenye mita mia mara kumi na tano zenye mapumziko mafupi uone kama hutabadilika.

BoyaLaTatu
@MkonoMrefu nimekusoma mkuu, ila mie sikusema siogelei vizuri. Nimesema nachanganyikiwa.

Kipa_Mstaafu
Nimecheza hii kitu miaka mingi langoni kabla magoti hayajaniambia inatosha, sasa hivi nafanya traiathloni fupi fupi za kujifurahisha, kwa hiyo nadhani naweza kusema pande zote mbili.

MkonoMrefu hajakosea ila anajibu swali ambalo halijaulizwa. Wota polo haitakufanya uwe na kasi kwenye 1500. Mleta uzi lishike hilo mapema usije ukarudi hapa kulalamika. Inachofanya ni kukuondolea ile hofu ya maji yenye watu.

Nikueleze mchezo wenyewe kwa asiyeujua. Kila timu ina watu saba majini, kipa na wengine sita. Robo nne za dakika nane nane, lakini saa inasimama kila mchezo ukisimama kwa hiyo unakuwa majini muda mrefu kuliko hizo 32. Mchezaji wa ndani haruhusiwi kukanyaga chini, na uwanja mzuri kina chake wala hukifikii hata ukitaka. Mpira unashikwa kwa mkono mmoja, kipa peke yake ndo mwenye ruhusa ya mikono miwili kwenye eneo lake. Miwani ya kuogelea hakuna. Sasa fikiria: huna miwani, huna pa kukanyaga, kuna mtu amekulalia mgongoni, na inabidi macho yako yaone mpira uko wapi na mwenzako yuko wapi. Ukikaa kwenye hali hiyo mara mbili kwa wiki, teke la dakika ya kwanza kwenye resi linakuwa kama mtu kakukanyaga kwenye foleni. Linauma, unaendelea na safari.

Halafu kuna miguu. Tunaita egibita, yaani kile kifaa cha kupigia mayai. Unakaa majini kama umekaa kwenye kiti, magoti yamefunguka, mguu wa kulia unazunguka upande wake na wa kushoto upande wake, kwa zamu. Ni mguu wa chura lakini miguu haiendi pamoja, na kwa kuwa haiendi pamoja hakuna sekunde ambayo hakuna mguu unaokusukuma juu. Ndo maana mchezaji anakaa juu kifua wazi na mikono yote iko huru, hapandi na kushuka kama kizibo. Ukiijua hiyo, hutashika boya tena. Unasimama palepale katikati ya maji, unavua miwani, unaimwaga, unaivaa, unaondoka.

MamaLapu
Hapo kwa egibita umenikumbusha siku yangu ya kwanza 😂😂 Mie mtu wa Ironman, kilomita 3.8 naogelea huku nawaza mambo ya nyumbani. Nikaambiwa kaa wima dakika tano mikono juu. Dakika moja na nusu nilikuwa naomba ukuta. Mabinti wa miaka kumi na nne wananiangalia huku wanapiga stori kama wamekaa sebuleni.

MkonoMrefu
@Kipa_Mstaafu sawa, ila swali. Resi nyingi za maji baridi mtu amevaa wetisuti, ile suti ya mpira ya kuzuia baridi. Wetisuti inaelea yenyewe. Ukigeuka chali tu unapumzika bila kupiga hata mguu. Egibita ya nini hapo?

Kipa_Mstaafu
Pointi nzuri, nakupa. Kwa mwenye wetisuti egibita haina kazi kubwa. Maji yakiwa ya joto wetisuti inakatazwa na hapo inarudi kuwa mali. Lakini hata ukiwa nayo, mtu anayejua kwamba anaweza kusimama wima popote bila msaada hapaniki kama yule asiyejua. Kichwa ndo kinatulia kwanza.

Na usisahau kupapasa maji. Viganja vinavyocheza kulia kushoto chini ya maji kukushikilia, hicho kitu ni kilekile unachohangaika nacho kwenye fristaili unapotaka mkono ushike maji badala ya kuteleza. Mcheza polo anakifanya muda wote bila kukiita zoezi.

PumziNdefu
Naongezea kitu hapo kwenye kunyanyua kichwa maana MkonoMrefu amekisema kama ubaya tupu. Kwenye maji wazi lazima unyanyue macho utafute boya. Wengi wetu tunafanya vibaya, tunatoa kichwa chote, miguu inazama, tunapoteza mwendo kila mara. Wacheza polo wanaogelea kichwa juu siku nzima kwa hiyo shingo na mgongo vimezoea na wanajua kupandisha kiwiko na kuongeza teke kidogo pale kichwa kinapotoka ili kiuno kisianguke. Siyo kwamba uogelee hivyo resi nzima, ni kwamba yale mapigo mawili matatu ya kutafuta boya hayakugharimu tena.

Zoezi la kichwa juu watu wanaliita tarzani, kwa sababu ya Johnny Weissmuller, yule aliyekuja kuigiza Tarzan. Na huyo bwana kwenye Olimpiki ya Paris 1924 alichukua dhahabu tatu za kuogelea na shaba ya wota polo michezo hiyohiyo. Kwa hiyo hadithi ya kwamba polo inamharibu muogeleaji, sijui.

MkonoMrefu
1924 mkuu? 😄 Leo nani anafanya hivyo?

PumziNdefu
Tim Shaw basi. Mmarekani, fedha ya mita 400 fristaili Olimpiki ya 1976, halafu 1984 fedha tena safari hii na timu ya wota polo. Si jana, ila si enzi za babu.

Kambale_77
Kwa wanaopenda vitu vya ajabu ajabu: traiathloni iliingia Olimpiki Sydney 2000, na wota polo ya wanawake nayo iliingia Sydney 2000 hiyohiyo. Ya wanaume ilikuwepo tangu 1900. Haya endeleeni.

BaiskeliKwanza
Kambale kazi yako humu ni nini hasa 😂

ChuraMkavu
Naomba nimwage maji baridi kidogo. Mleta uzi una uhakika ni hofu tu? Nasema hivi kwa sababu vifo vingi vya kwenye traiathloni hutokea kwenye kuogelea na si vyote ni vya mtu kupaniki. Kuna hali mapafu yanajaa maji ya mwili wenyewe ukiwa unaogelea, unakosa pumzi, unakohoa, wakati mwingine makohozi yana povu lenye rangi ya pinki. Hiyo wala haitibiwi na wota polo wala na ujasiri. Unatoka majini unaonana na daktari. Moyo nao uangaliwe kama ulihisi maumivu ya kifua au kutaka kuzimia. Nenda kapime kwanza ndo ukacheze mpira.

BoyaLaTatu
@ChuraMkavu asante sana kwa kweli. Nilipima baada ya ile resi, moyo na mapafu wamesema viko sawa, na sikukohoa. Kilichonikuta kinatulia nikishika kitu. Ni kichwa.

Jumamosi naenda. Kuna timu ya wakubwa wanakubali wageni. Nitaleta mrejesho.

MamaLapu
Kata kucha! Kabla ya mechi refa anakagua kucha vidole vyote, na wenzako mazoezini watakuchukia ukiwakwaruza. Na vaa nguo ya kuogelea iliyobana, tena mbili kama unazo. Refa anaona cha juu ya maji. Cha chini ni kati yako na Mungu wako.

BoyaLaTatu
MREJESHO WA KWANZA. Wakuu nimekufa nikazikwa.

Nilifika najiona muogeleaji. Tukapasha moto kwa lapu, nikawaacha wote, nikasema hawa ndo wa kunifundisha kuogelea? Kocha wao akatabasamu tu. Baadae akanipa mpira niogelee nao. Mpira hausukumwi kwa mkono, unakaa katikati ya mikono mbele ya uso na maji yako mwenyewe ndo yanausogeza, kiwiko kiko juu kuuzungushia uzio. Wangu ulikuwa unakwenda kila mahali isipokuwa mbele. Ikaja mechi ndogo. Nikapewa kumkaba mzee mmoja mwenye kitambi, nikasema afadhali. Yule mzee hakuogelea hata mita tano nakuapia. Alinigeuzia mgongo akanikalia. Nimezamishwa mara nne, mara ya kwanza niliogopa mpaka nikataka kutoka, ya pili nikaogopa kidogo, ya tatu nikakasirika, ya nne nikacheka chini ya maji nikameza.

Ila kuna kitu nimekigundua. Nilikuwa nabana pumzi. Yaani mtu akinigusa tu nafunga mdomo na pua, hewa haitoki, nikitoka juu inabidi nitoe na nivute kwa mkupuo mmoja na muda hautoshi. Bwawani kwenye lapu sijawahi kujua kwamba nina tabia hiyo maana hakuna anayenigusa.

Macho mekundu kama nimelia msiba.

Kipa_Mstaafu
Hahaha mzee mwenye kitambi ndo senta wenu huyo, yule mshambuliaji anayekaa mbele ya goli, pole. Hao hawaogelei, wanajenga nyumba mbele ya goli wanahamia.

Na hapo kwenye pumzi umegusa penyewe. Unapobana pumzi hewa chafu inajaa, mwili unapiga kengele, unadhani unazama kumbe una hewa tele kifuani. Toa mapovu muda wote kichwa kikiwa chini, hata ukisukumwa. Hasa ukisukumwa.

MkonoMrefu
Nimecheka ya mzee. Ila hilo la pumzi nimelipenda, nalichukua.

GotiLaKushoto
Nimeona huu uzi umechelewa kupata upande wangu. Mimi nilifanya mnachosema. Mwezi wa kwanza raha, wa pili raha, wa tatu goti la kushoto kwa ndani likaanza. Egibita inalipinda goti kwenda nje kila mzunguko, na sisi wa traiathloni nyonga zetu zimekakamaa kwa baiskeli, hazifunguki, kwa hiyo kile ambacho nyonga ilipaswa kukifanya goti linabeba. Wale wamekua nayo toka utotoni. Nikakaa wiki sita bila kukimbia. Bega nalo usilisahau, kurusha mpira kwa nguvu juu ya bega ambalo tayari linapiga fristaili kilomita kumi kwa wiki ni kulidai deni mara mbili. Na vidole. Rafiki yangu alivunjika kidole kwa kuzuia shuti siku kumi kabla ya resi aliyojiandaa mwaka mzima. Kwa kidole! Alishindwa kushika breki za baiskeli.

MamaLapu
Goti na mie lilinisumbua ila sikuacha, nilipunguza. Nilianza na egibita ya dakika moja moja huku nimeshika ubao, nikawa nafungua nyonga nchi kavu karibu kila siku, ndo nikaongeza. Kosa la wengi ni kwamba mapafu yao yana stamina ya Ironman kwa hiyo wanaweza kufanya saa nzima siku ya kwanza. Mapafu hayaumii, goti ndo linaumia.

Kipa_Mstaafu
Msikilizeni huyu mama. Naongeza: mara moja kwa wiki inatosha, mara mbili mwisho, na iwe badala ya zoezi moja la kuogelea wala isije juu ya yote uliyonayo. Ikibaki wiki nne kabla ya resi unaacha kabisa mechi, unabaki na tarzani na egibita fupi za peke yako. Vidole hutavirudisha.

Asiyekuwa na timu karibu wala asihuzunike. Chukua wenzako watatu, ingieni njia moja ya bwawa, ogeleeni mita 50 mkiwa mmebanana bega kwa bega, anayekuwa katikati ndo anakula vikumbo, mnabadilishana. Baadae vueni miwani. Halafu mita 25 kichwa juu kwa nguvu zote, mkifika mnageuka bila kugusa ukuta, mnaondoka taratibu. Hiyo ya kugeuka bila ukuta ndo boya lenyewe, maana kwenye boya hakuna ukuta wa kujisukumia.

PumziNdefu
Hapo umenipa zoezi la kesho. Na mwanzo wa resi mita 200 za kwanza ni mbio tupu, watu wanagombea miguu ya kukaa nyuma yake, aliyezoea kuchomoka na kutulia kisha kuchomoka tena anafaidi. Ukipata miguu mizuri ya kufuata, aliye mbele anakupasulia maji, nguvu unayookoa ni nyingi.

ChuraMkavu
Tusidanganyane pia, bwawa la polo ni la joto lenye kuta. Halikufundishi mshtuko wa maji baridi, ule wa pumzi kukatika unapoingia. Huo unauzoea kwa kuingia kwenye maji baridi kidogo kidogo na mtu pembeni.

BoyaLaTatu
MREJESHO WA PILI, nimekaa kimya wiki kumi na moja samahanini. Nilienda mara moja kwa wiki, mbili nilikosa. Nilisimama wiki tatu na nusu kabla ya resi, siyo nne, Kipa nisamehe kulikuwa na mechi.

Resi ilikuwa juzi. Mita 1500, wengi, maji machafu kidogo, wetisuti hairuhusiwi. Dakika ya pili nikapigwa kiwiko, miwani ikatoka kabisa ikaning'inia shingoni. Nilisubiri ile hofu. Nilikuwa naisubiri kabisa kama mtu anayesubiri mgeni. Ikaja kidogo, nikasikia moyo, nikatoa mapovu, nikaendelea kichwa juu macho wazi mpaka boya la kwanza. Pale nikatoka pembeni ya kundi, nikakaa egibita, nikavaa miwani kwa mikono miwili, jamaa mmoja akaniuliza uko sawa, nikamjibu kwa sentensi nzima. Nikaondoka. Boya la tatu sikuligusa ila nililisalimia.

Muda sasa. Nimetoka majini dakika mbili na kidogo mapema kuliko resi iliyopita, na ile iliyopita si nilikaa kwenye boya kwa hiyo hesabu hiyo haina maana sana. Bwawani 1500 yangu imekuwa mbaya kwa sekunde 20. MkonoMrefu najua unaisubiri hiyo sentensi, chukua.

MkonoMrefu
Nimeichukua nimeiweka kabatini 😄 Hongera mkuu, kwa dhati. Sekunde 20 tutazirudisha, shusha kichwa.

BaiskeliKwanza
Sasa baiskeli ilikuwaje? Hakuna anayeuliza cha maana humu.

BoyaLaTatu
Baiskeli nilipanda nikiwa natabasamu, mara ya kwanza. Mapaja kwa ndani yalikuwa mazito dakika kumi za mwanzo. Halafu toka jana goti la kulia nikishuka ngazi linaniuma upande wa ndani, si sana. Kipa, naweza kwenda Jumamosi? Mzee kaniambia ananisubiri.

Kipa_Mstaafu
Jumamosi nenda ukakae golini bila kupiga miguu, yaani usiende. Likiuma bado baada ya wiki mbili kamwone mtaalamu wa viungo. Mzee hahami pale mbele ya goli, utamkuta.